Kadeti wa Lanet asome lugha gani ya kigeni?

Usajili wa makadeti unapokaribia, vijana na wazazi hufika katika kituo chetu cha lugha hapa Nakuru na swali lile lile: nikiingia Lanet, chuo cha kufunza maafisa wa jeshi la Kenya, au nikibahatika kupelekwa chuo cha kijeshi ng'ambo, nichukue lugha gani? Wengi huja wameshajijibu. Msimu mmoja wote wanataka Kichina, msimu mwingine Kirusi, kutegemea kilichotawala taarifa ya habari. Kupenda lugha ni jambo jema, ila afisa hapelekwi anakopenda. Mimi huwaambia watazame kwanza Wakenya wametumwa wapi, kisha watazame ratiba ya masomo.

KDF, yaani jeshi letu la Kenya, iliingia Somalia Oktoba 2011, na mwaka uliofuata ikawa sehemu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule. Novemba 2022 wanajeshi wetu walitua Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwa katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakaondoka Desemba 2023. Wengine wamehudumu Sudan Kusini na Darfur chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Na tusisahau kwamba mazungumzo ya amani ya Sudan, ambayo Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliyasimamia, kwa sehemu kubwa yalifanyika Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii, hadi mkataba ukatiwa saini Nairobi Januari 2005. Ukizijumlisha safari hizo unapata lugha tatu: Kifaransa, Kiarabu na Kisomali.

Kwa kadeti asiye na msingi wa lugha yoyote ya kigeni, mimi hupendekeza Kifaransa, na mara nyingi hupingwa papo hapo: "Lakini Goma si wanaongea Kiswahili?" Wanaongea, tena sana. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba cha Kasai (Tshiluba). Lakini hebu mweke luteni mmoja kwenye kizuizi cha barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Dereva wa lori anamweleza kwa Kiswahili kwamba amebeba maharagwe. Karatasi za mzigo, zenye mihuri mitatu, zimeandikwa Kifaransa. Hatua chache kutoka hapo, askari wa jeshi la Kongo anazungumza na mkubwa wake kwenye redio kwa Kilingala, maana ndiyo lugha iliyozoeleka katika jeshi lile tangu enzi za Wabelgiji. Luteni mwenye Kiswahili pekee amelielewa simulizi la dereva tu, na huenda ndilo lenye uongo. Kilingala atakiokota kambini akikaa, kama wengi walivyokiokota kwenye muziki. Kifaransa cha barua ya gavana na kumbukumbu za mkutano hakiokotwi, husomwa darasani.

Sasa ratiba. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo imefunza wanadiplomasia wake lugha kwa miongo mingi, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji karibu saa 750 za darasani ili akitumie Kifaransa kikazi, na karibu saa 2200 kwa Kiarabu au Kichina. Chuo cha lugha cha jeshi la Marekani kule Monterey hutoa wiki 36 kwa Kifaransa na wiki 64 kwa Kichina, mwanafunzi akishinda darasani kutwa nzima. Kadeti hana anasa hiyo. Tuseme anapata saa nne kwa wiki, wiki arobaini kwa mwaka: hizo ni saa 160. Kwa mwendo huo Kifaransa kinamchukua chini ya miaka mitano akijiongezea kidogo kidogo baada ya kufuzu, na Kichina kinamchukua karibu kumi na minne. Hapo atakuwa meja, na pengine hajawahi kukihitaji. Najua tuna ndege za Y-12 na helikopta za Z-9 zilizotoka China, na hoja hiyo huletwa kila mara. Hata hivyo, lugha ya usafiri wa anga duniani ni Kiingereza. Anayekitaka Kichina kwa dhati asingoje jeshi. Taasisi ya Confucius iko Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aanze akiwa raia.

Kiarabu kina saa nyingi kwenye hesabu ile, lakini hesabu ile haikumfikiria Mswahili. Wewe unaingia darasani tayari una jeshi, askari, adui, silaha, risasi, amri na hatari, zote za asili ya Kiarabu. Sarufi itakutoa jasho, kweli, na sauti za kooni pia, lakini msamiati hauanzii sifuri. Aliyesoma madrasa, au aliyefanya Kiarabu kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, asikiache akakimbilia Kifaransa kwa sababu wenzake wanakifanya. Ajue tu kwamba Kiarabu cha vitabuni si kile cha sokoni Juba. Cha Juba kinakaribiana zaidi na Kinubi kinachozungumzwa Kibos, Kisumu, na wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza. Kijana wa Kibos anayeona aibu kukizungumza Kinubi mbele ya wenzake ana silaha kiunoni na hajui.

Kisomali ndicho ninachoona kimepuuzwa kuliko vyote. Wapo watakaosema si lugha ya kigeni, na wana haki, kwa sababu ni lugha ya Wakenya wa Garissa, Wajir na Mandera. Tangu 1972 kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo huhangaiki na mwandiko mpya. Utazoea tu kwamba x ni h ya kooni na c ni 'ain ya Kiarabu.

Kuna anayeuliza, lugha ya nini kama wakalimani wapo? Wapo, na kwa mambo mazito utawahitaji hata ukiwa fasaha. Lakini mkalimani naye ni mtu wa mahali. Ana ukoo, ana ndugu kijijini, na jioni wewe ukirudi kambini yeye anarudi kwao. Mzee akisema maneno ya dakika mbili nawe ukaletewa "amekataa", unahitaji masikio ya kutosha kujua kuna kilichoachwa njiani. Huo ndio ufasaha ninaoutaka kwa luteni: awe na uwezo wa kusalimu, kuuliza njia, kusoma hati, na kugundua tafsiri iliyopunguzwa. Na unapotumia mkalimani, zungumza ukimtazama mzee, kwa sentensi fupi, usimgeukie mkalimani na kumwambia "muulize".

Kwenye fomu za kujiunga, palipo na nafasi ya lugha, andika zote, hata ile ya nyumbani. Kiteso kinavuka mpaka wa Malaba hadi Uganda, Kibukusu kinaelewana na Kimasaba cha Mbale, na Mturkana husikilizana na Mtoposa wa Sudan Kusini. Kwa Kifaransa, anza mapema kusikiliza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo tangu 2002, ambayo inasomeka na kusikika mtandaoni pia. Habari moja kwa Kifaransa, kisha tafuta ile ile kwa Kiswahili cha huko, ni zoezi la nusu saa lisilo na karo. Ukifika kiwango cha B2, yaani cha kujitegemea katika mazungumzo na maandishi, fanya DELF, mtihani rasmi wa Kifaransa, ungali kwenye masomo, kwa sababu cheti chake hakina tarehe ya kuisha, na baada ya kupangiwa kikosi, nafasi ya kuketi mtihani haipatikani kwa urahisi.