Nyonga ya chuma ya Andy Murray

Januari 2019, mchezaji wa tenisi Mwingereza Andy Murray alilia mbele ya waandishi wa habari mjini Melbourne. Alikuwa bingwa wa Wimbledon mara mbili, 2013 na 2016, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki, na aliwahi kuwa namba moja duniani. Sasa hata kuvaa soksi na viatu kulimuuma. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Malindi, na malalamiko hayo nayajua vizuri. Mvuvi hunieleza anavyoshindwa kuruka kutoka mashuani. Mama hunieleza jinsi kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi kulivyogeuka adhabu, kwa sababu kiti kile ni cha chini na paja hupanda hadi karibu na tumbo.

Kichwa cha fupa la paja ni mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, utando laini unaozuia mifupa kusuguana. Gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikilika hairudi. Mchezaji wa tenisi huisaga kila anapopiga fohandi, yaani pigo la mbele: uzito wote uko mguu mmoja huku kiwiliwili kinajipinda juu yake. Kinachopotea mapema ni uwezo wa kugeuza paja kwa ndani. Maumivu huja kinenani, na mara nyingine hushuka hadi gotini. Ndiyo maana wengi huniletea picha za eksirei za goti ambalo ni zima kabisa!

Murray alipasuliwa nyonga mara ya kwanza Januari 2018, na maumivu hayakwisha. Tarehe 28 Januari 2019, London, kichwa cha fupa lake la kulia kilichongwa kidogo kikavishwa kofia ya chuma, na kikombe nacho kikawekewa chuma. Katika kubadilisha nyonga nzima, kichwa hukatwa na chuma kuchomekwa ndani ya fupa. Njia aliyochagua Murray huacha mfupa mwingi, na kwa kuwa kichwa kinabaki kikubwa, si rahisi kuteguka. Lakini chuma kikisuguana na chuma, chembe zake huingia kwenye damu, na matokeo huwa mabaya zaidi kwa wanawake na wenye mifupa midogo. Yule mama wa mbuzi ya nazi simshauri njia hii. Nyonga nzima itamfaa zaidi.

Juni mwaka huohuo Murray alishinda taji la wachezaji wawili wawili kwenye mashindano ya Queen's, London, akiwa na Feliciano López. Oktoba akamshinda Stan Wawrinka katika fainali ya Antwerp. Januari 2023, akiwa na miaka 35, alitoka nyuma kwa seti mbili akamshinda Thanasi Kokkinakis baada ya saa 5 na dakika 45. Mechi iliisha saa kumi alfajiri ikiwa imepita.

Wapo wanaosema angestaafu mapema, kwa kuwa baada ya upasuaji hakuvuka tena raundi ya tatu ya mashindano manne makubwa ya tenisi (Grand Slam). Sikubaliani nao hata kidogo. Upasuaji ule ulikuwa kwanza wa kumrudishia maisha bila maumivu, tenisi ikafuata, naye akacheza hadi Olimpiki ya Paris 2024. Mgonjwa wangu akiniuliza lini atarudi baharini, nampa mpangilio huohuo: kwanza avae viatu mwenyewe, kisha apande ngazi bila kushika ukuta, kisha tuimarishe misuli ya makalio. Mashua tutaizungumza hapo.