Je, Wajua Kwa Nini Fulana ya Kuchangia Punda Ikiuzwa Rahisi Punda Hapati Kitu?

Mji wa kale wa Lamu unabebwa na punda: saruji, mchanga, matofali ya matumbawe, magunia ya unga, vyote hupita vichochoroni mgongoni mwao. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo cha punda mjini humo mwaka 1987, na mwenye punda mgonjwa hutibiwa mnyama wake bure. Lakini bure ya mwenye punda ina mtu anayeilipia. Dawa ya minyoo, bandeji na mshahara wa daktari wa mifugo lazima vitoke mahali, na ndiyo maana vikundi vingi vinavyopenda wanyama, hata vile vidogo vya mtaani, hukimbilia kuchapisha fulana na kuziuza.

Hapo ndipo hesabu huharibika, kwa sababu ya huruma. Watu hupanga bei kwa kuogopa kuonekana wanamkamua mnunuzi, wakamsahau punda.

Tuchukue mfano. Kikundi kimechapisha fulana 100, kila moja kwa shilingi 600 za Kenya. Shilingi 60,000 zimeshatoka mfukoni kabla hata meza haijatandikwa. Wakiuza kwa 1,000, fulana 60 za kwanza zinarudisha mtaji tu. Punda anaanza kupata chake kwenye fulana ya 61. Wakishusha hadi 800 ili "kila mtu aweze", watalazimika kuuza 75 ndipo mtaji urudi. Sasa tuseme siku imeisha na zimenunuliwa 70. Kwa bei ya 1,000 wamebaki na faida ya 10,000. Kwa bei ya 800 wamepata hasara ya 4,000, yaani wale wapenda wanyama wamewalipia wanunuzi nguo. Na wakiuza kwa 1,200, hata zikitoka 60 peke yake, kuna 12,000 za dawa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "watu watakubali kulipa ngapi?" bali "tukiuza nusu tu ya mzigo, je, mtaji unarudi?" Bei inayorudisha mtaji kwa nusu ya mzigo ni bei ya kulala nayo usingizi, maana fulana zinazobaki ndizo zinazokula faida, na mara nyingi hubaki zile ndogo kabisa na zile kubwa kabisa. Afadhali zaidi ni kuchukua oda na malipo kwanza, kila mtu ataje saizi yake, ndipo mchapishaji apigiwe simu.

Basi vipi kuhusu mnunuzi wa pwani, ambaye kupatana bei ni sehemu ya salamu? Atashika kitambaa, atageuza kola asome lebo, atauliza: "Dada, bei ya mwisho ngapi?" Hapa wauzaji wengi hulegea. Mimi naona bei iandikwe wazi na isiguswe, kwa sababu ukimpunguzia mmoja, aliyelipa kamili nyuma yake amedhulumiwa, na wote wawili wanajuana. Lakini usimrudishe mtu mikono mitupu. Mwambie, "Kaka, fulana haipungui, hiyo mia mbili unayotaka nipunguze ndiyo ya punda. Ila kuna stika hizi za hamsini." Ndiyo faida ya kuwa na ngazi ya bei: kitu cha mtoto wa shule, kitu cha mtu wa kawaida, na kimoja cha mwenye uwezo. Ocean Sole ya Kenya, inayochonga wanyama kutokana na ndara zilizookotwa ufukweni, hutengeneza vishika funguo vidogo na pia wanyama wakubwa wa kuwekwa hotelini, vyote kutoka takataka ileile.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda kuliko fulana zote. Sheldrick Wildlife Trust, iliyoanzishwa 1977 na inayolea tembo yatima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, humwezesha mtu "kumlea" tembo mmoja kwa kuanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka. Anachopata ni cheti na habari za kila mwezi kwa barua pepe. Hakuna saizi, hakuna mzigo wa kubaki stoo, na karibu fedha yote inaweza kwenda kwenye maziwa ya tembo. Kikundi cha punda kinaweza kufanya hivyohivyo: punda mmoja mwenye jina, picha yake kabla na baada ya kidonda kupona, na ujumbe mfupi wa simu kila mwezi. Sharti ni moja tu, ujumbe usikatike, kwani aliyelipa anamngojea punda wake.

Mwenye moyo wa kutoa 5,000 msimuuzie fulana ya 5,000. Muuzieni kwa bei ya wote, kisha wekeni sanduku la michango pembeni ya meza na karatasi inayosema shilingi ngapi za kila fulana zinakwenda kwenye dawa. Watu wakiuona mgawanyo huo huacha chenji wenyewe.

Na mnapompa mchapishaji mchoro, msiandike mwaka wala jina la tamasha juu yake. Fulana yenye punda peke yake itauzika mwaka kesho kwa bei ileile.