"Nimepima, sina": usaha wa uti wa mgongo na dhana zake

"Daktari, nimepima, sina ngoma, sina sukari. Huo usaha wa mgongoni utoke wapi?"

Kila msimu wa korosho nasikia maneno hayohayo, na anayeyasema mara nyingi ni mtu wa kazi, hajawahi kulazwa. Wanadhani usaha huo huwapata wenye kinga dhaifu tu. Jamani, tuelewane. Kinga ikishuka hatari inaongezeka, sibishi. Ila stafilokokasi, bakteria anayeongoza kushambulia pingili, haulizi cheti cha vipimo. Anaishi puani na kwenye ngozi za watu wazima kabisa. Anachotaka ni upenyo: jipu la kwapani, kidonda cha shambani, chale za wembe ulizochanjwa "ili maumivu yatoke". Akishaingia kwenye damu, hutua kwenye pingili, hasa za kiunoni, akaila diski iliyo kati yake na mfupa. Jipu lenyewe pengine lilishapona ukalisahau. Ndiyo maana umekuja na mgongo nakuuliza habari za ngozi, usininunie. Nakuuliza na maziwa mabichi pia, kwa sababu bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaopita kwenye maziwa hayo, nayo hupenda uti wa mgongo. Kifua kikuu ndiyo usiseme.

Ni ugonjwa wa nadra, kweli. Migongo mingi ya waokota korosho ni misuli tu, hupoa ukipumzika. Ninaoutilia shaka ni ule unaokuamsha usiku wiki baada ya wiki, na pingili moja ikigongwa unaruka.

"Lakini sina homa." Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hawana.

"Eksirei ilikuwa safi." Wiki za mwanzo huwa safi. Anza na ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi. Zikiwa juu, tafuta picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya uti wa mgongo, hata kama ni safari.

"Nimeshameza za dukani." Hapa hasira zinanipanda. Amoksilini ya siku tatu haiponyi mfupa, inamficha mdudu tu: maabara inaotesha damu kumtafuta, hakioti kitu, nasi tunabaki kubahatisha. Mgonjwa asiyezidiwa aoteshwe damu kwanza, dawa baadaye. Na dozi ni wiki 6 kwa kawaida, siyo mpaka maumivu yapoe. Kifua kikuu ni miezi mingi.

Wala usilale chini watoto wakukanyage mgongo. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma au ganzi ikishika sehemu za siri, usingoje malipo ya korosho yaingie. Uwe Tandahimba au Newala, tafuta gari usiku huohuo uje hospitali ya Ligula, Mtwara. Wa Lindi, nenda hospitali ya Sokoine.