Mwanakijiji si adui wa msitu wa Arabuko-Sokoke

Kwa muda mrefu imesemwa hapa Malindi kwamba hifadhi ni kazi ya askari wa wanyamapori na wageni, na kwamba mwanakijiji haendi msituni ila na shoka. Dhana hiyo si kweli, na imewadhulumu watu wetu.

Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede umewashirikisha wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke, msitu wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420. Mkulima hunasa vipepeo wazazi wachache, huwafuga ndani ya vizimba vya wavu, huwalisha viwavi wao majani ya mimea wanayoipenda, kisha huuza vifuko ambamo viwavi hugeuka kuwa vipepeo, navyo husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho huko Ulaya na Marekani. Kwa kuwa vipepeo wazazi hutoka msituni, anayeufyeka hujikatia riziki yake mwenyewe.

Vijana nao, jambo ambalo husahaulika mno, wamo: katika hori ya Mida, mkono wa bahari ulio jirani na msitu huo, mapato ya daraja la mbao lililojengwa kati ya mikoko huchangia karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu.