Makala (makaa) yanakula kuliko watoto

Nilipoanza kazi ya lishe hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilibandika ukutani karatasi yenye picha za maziwa, mayai na kuku. Mama mmoja wa mtaa wa Kadutu, mtoto mgongoni, aliiangalia kisha akaniuliza: "Dokta, hizo mboga za ukutani zinauzwa soko gani?" Niliitoa siku ileile.

Tangu hapo sianzi na nyama. Ninauliza kwanza: makala ya jana mlinunua ya pesa ngapi? Kwa sababu wengi wananiambia maharage ni ya bei rahisi, lakini wanayaacha, wanapika bugali na sombe (majani ya muhogo) kidogo tu. Si kwamba hawayapendi. Maharage makavu yanakaa kwenye mbabula, jiko la makala, saa mbili, hata tatu, na anayenunua makala ya mfuko mdogo mdogo analipia kila dakika.

Basi maharage yachague, yaoshe, yalaze ndani ya maji tangu jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha funika sufuria, izungushie blanketi zito na uiweke ndani ya kapu lililojaa nguo kuukuu. Yanaendelea kuiva yenyewe bila moto. Ukirudi kutoka soko, unayachemsha tena kidogo, unaunga. Ila usifupishe ule mchemko wa kwanza! Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la kapu peke yake haliiui.

Makala uliyookoa, yanunulie sambaza, wale samaki wadogo. Samaki hawa hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio mboga yetu. Uzuri wao ni udogo: unamla mzima na mifupa yake, na kalisi (kalsiamu) iko humo. Huhitaji sahani nzima. Kaanga wakavu bila mafuta, twanga wawe unga laini, hifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, au juu ya lengalenga (mchicha) za wakubwa, kinatosha kubadilisha chakula. Mwenzangu mmoja anasema uji unanuka samaki. Watoto hawajalalamika.

Mawese usiyaunguze mpaka yawe meupe. Ile rangi nyekundu ndiyo mwili unaigeuza vitamini A. Sombe itwangwe vizuri na ichemke sana, hilo mama zetu wanalijua.

Jambo ambalo nyumba nyingi wanakosea ni chai. Madini ya chuma ya maharage hayaingii mwilini kirahisi, na chai inayazuia zaidi. Limau au nyanya mbichi pembeni ya sahani inayasaidia. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Kwangu mume bado ananuna.