Ufadhili wa Chuo Kikuu: Yanayosemwa Arusha na Moshi, na Ukweli Wake

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, maneno yale yale huanza kuzunguka, kuanzia Ngarenaro hadi Majengo. Mengine yanawakosesha nafasi vijana waliostahili kabisa.

"Mkopo na ufadhili ni kitu kimoja"

Fedha ya Bodi ya Mikopo ni deni. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ufadhili haurudishwi, ila kila mfadhili ana kipimo chake. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, huangalia ufaulu wa juu kabisa wa masomo ya sayansi, haiangalii umaskini. Mtoto wa muuza ndizi wa Kiborloni aliyepata daraja la pili asikae akiisubiri hiyo. Aombe mkopo, na wakati huohuo atafute mashirika na vyuo vinavyopima hali ya nyumbani.

"Ukiwa yatima, umeshapita"

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na inauma kwa sababu kinachowaangusha ni karatasi. Uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo, na cheti hicho, pamoja na cha kuzaliwa, lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Familia nyingi za vijijini zilizika zikiwa na kibali cha mazishi tu, kifo hakikusajiliwa. Kukisajili baada ya miaka kunaanzia kwa mtendaji wa kijiji na kuishia ofisi ya mkuu wa wilaya, na hakumalizwi kwa wiki moja. Aliye kwenye kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, atahitaji namba ya kaya. Mwenye ulemavu atahitaji uthibitisho wa mganga mkuu.

Kisha kuna majina. Mikoa yetu hii, mtoto huandikishwa darasa la kwanza kwa jina la ukoo, Mushi au Laizer, ilhali cheti cha kuzaliwa kina jina la babu. Au shule iliandika Emanuel, cheti kikaandika Emmanuel. Mfumo wa maombi unasoma herufi, haujui kwamba ni mtu yuleyule. Kinachotakiwa hapo ni hati ya kiapo cha majina mbele ya wakili, lakini muulize kwanza mfadhili kama anaipokea au anataka hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Kazi hii ifanyike kidato cha tano. Dirisha la maombi likishafunguliwa, muda hautoshi.

"Mfadhili wa kweli hatozi hata senti"

Bodi ya Mikopo yenyewe hutoza Sh 30,000 za maombi, kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Cha kutazama ni hela inaingia wapi. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu ili "akuwekee jina", huo ni utapeli, hata kama amevaa kitambulisho.

"Ada ikilipwa, yamekwisha"

Uliza kabla ya kusaini: chumba, chakula, bima ya afya, kompyuta mpakato na nauli ya fildi (mafunzo kwa vitendo) vimo? GPA, yaani wastani wa alama zako, ikishuka chini ya kiwango, wanakata mara moja au wanakupa muhula wa kujirekebisha?

"Kazi utaitafuta ukimaliza"

Ufadhili mzuri unaanza kukuandaa mapema. Shule ya St Jude ya hapa Arusha, kwa mfano, huwapitisha wahitimu wake wa kidato cha sita kwenye mwaka wa kuitumikia jamii kabla ya chuo. Hata kama mfadhili wako hana mpango kama huo, fildi ni yako. Vyuo vingi huwatoa wanafunzi kati ya Julai na Oktoba, na huo ndio msimu wa watalii: hoteli na kampuni za utalii zina kazi tele, lakini hakuna mwenye muda wa kumfundisha mgeni aliyekuja na barua Juni. Peleka barua ya utambulisho ya chuo Januari au Februari. Hali kadhalika kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, hospitali ya KCMC na ofisi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa: nafasi ni chache na waombaji wanatoka nchi nzima.

Ukiwa huko, jaza kitabu cha kumbukumbu kila siku. Andika kitu ulichokifanya, kwa mfano "nimelinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha", badala ya "nimesaidia ofisini". Mstari huo ndio utakaoingia kwenye wasifu wako. Omba barua ya msimamizi kabla hujaondoka, maana wasimamizi huhamishwa.

Ukihitimu, fuatilia cheti chenyewe chuoni. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayosimamia ajira serikalini, hukataa matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na sita. Kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa maombi mtandaoni, utahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na majina yanayolingana na vyeti vyako.