Je, wajua kwa nini rili ya sentapini, kifaa cha kukunjia uzi wa kuvulia samaki, hugoma kwenye baridi na mvua?

Rili nyingi za kuvulia zinazouzwa leo zimejaa meno, springi na breki. Ya sentapini haitegemei hata kimoja. Ni gurudumu pana lililovikwa kwenye pini ya chuma, linazunguka huru kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukilizungusha mara moja, uzi unaingia mzunguko mmoja, basi. Breki ni kidole cha mvuvi. Iliyotunzwa vizuri, ukiipiga kofi jepesi ukingoni huweza kuzunguka dakika nzima kabla ya kusimama. Lakini ipeleke mtoni siku ya mvua iliyochanganyika na theluji uone: gurudumu linasita, uzi unanata, na kiboya kilichotakiwa kuteremka na mkondo kinabaki kimevutwa nyuma.

Kinachogomesha rili hii ndicho hasa kinachoifanya ipendwe, nao ni wepesi wake.

Aina hii ya rili ilikulia Uingereza, katika mji wa Nottingham kando ya mto Trent, ambako katika karne ya 19 zilichongwa za mbao. Siku hizi wapenzi wake wakubwa wako kwenye mito inayoingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, si haya yetu: Salmon River inayopita Pulaski, jimbo la New York, na mito ya Ontario nchini Kanada kama Credit na Saugeen. Wanamfuata trauti wa upinde wa mvua, yule wa kuhamahama wanayemwita stilihedi. Asili yake ni pwani ya Pasifiki. Alipandikizwa kwenye maziwa hayo katika karne ya 19. Ni spishi ileile iliyoletwa na wakoloni kwenye vijito vya Mlima Kenya na Aberdare. Stilihedi huanza kuingia mitoni vuli, wengi hukaa humo majira yote ya baridi, kisha hutaga masika. Kwa hiyo anayemtaka Januari atasimama ndani ya maji ya nyuzijoto 1 au 2, huku hewa iko chini ya sifuri.

Samaki ana damu baridi. Maji yakipoa, mwili wake nao hupunguza kasi: anakula kidogo, anatulia kwenye vilindi, na hafukuzi chambo kilichopita mbali naye. Itabidi chambo, mara nyingi kifuko kidogo cha wavu chenye mayai ya samaki, kimpitie karibu na mdomo, tena kwa mwendo wa maji ya chini. Maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu kwa sababu yanasuguana na mawe. Mvuvi hukizuia kiboya kidogo tu ili chambo kisiburutwe na kasi ya juu, na hapo kidole kwenye ukingo wa gurudumu ndicho kinachoamua kila kitu. Wavuvi wetu wa mshipi wa mkono wataelewa haraka, maana nao husoma bahari kwa ncha ya kidole.

Sasa fikiria ni nini kinacholivuta gurudumu. Ni mkondo tu, unaosukuma kiboya chenye uzito wa gramu chache. Nguvu hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kizuizi chochote, hata kile ambacho rili nyingine isingekihisi, hapa kinatosha kuharibu mteremko mzima wa kiboya.

Kizuizi cha kwanza kiko ndani, kwenye beringi. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na grisi au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Sebuleni huyaoni madhara yake. Kwenye baridi mafuta hayo hukazana, na gololi zinalazimika kuyasukuma kila zinapobingirika. Ndiyo maana wazoefu hufungua rili kabla ya msimu, wakaosha beringi kwa spiriti, wakaziacha zikauke kabisa, kisha wakatia tone moja la mafuta mepesi ya mashine, jamii ya yale ya cherehani. Tone moja, sio matatu. Nimeona watu wakizidisha wakidhani wanailinda rili, kumbe wanairudisha kulekule kwenye uzito.

Cha pili ni maji yenyewe. Kati ya gurudumu na fremu pana nafasi nyembamba sana. Tone likiingia hapo hutanda na kung'ang'ania pande zote mbili. Na maji baridi ni mazito kuliko tunavyodhani: kwenye nyuzijoto 0, mnato wake unakaribia maradufu ya ule wa nyuzijoto 20. Dawa yake haina gharama. Shika fimbo kwa uthabiti, lizungushe gurudumu kwa nguvu bila kuachia uzi, na maji yatarushwa nje. Yakizidi, toa gurudumu kwenye pini, futa pande zote kwa kitambaa kikavu kilichotunzwa mfuko wa ndani wa koti, lirudishe.

Uzi ndio unaosumbua zaidi. Nailoni iliyolowa hujishikiza kwenye mzunguko ulio chini yake, na pia hulalia mwili wa fimbo kati ya pete na pete zinazopitisha uzi. Fimbo hizi ni ndefu, kwa kawaida mita 4 hivi, na uzi ukiinatia urefu wote huo mkondo hauwezi kuuvuta. Inua fimbo juu, uitikise taratibu, uzi unabanduka. Wakati wa kurudisha, uzi upitie kati ya vidole viwili ili ujilaze sawasawa bila kulegea. Uzi uliolegea hujichimbia chini ya mwingine, na ukirusha tena gurudumu linakwama ghafla, kiboya kinarudi kukupiga. Na mikono iliyoshika mayai ifutwe kwanza. Ule utelezi wake ukikauka ukingoni hugeuka gundi.

Joto likishuka chini ya sifuri, barafu hujijenga kwenye pete. Kila unaporudisha uzi, unabeba matone, yanakwanguliwa na pete na kuganda hapo. Pete ya ncha ndiyo huziba upesi kwa kuwa ni ndogo kuliko zote. Usiibandue kwa kucha wala kisu, maana ndani yake kuna duara la kauri linalopasuka kirahisi. Chovya ncha mtoni kwa sekunde chache: maji yanayotiririka hayajafika chini ya sifuri, ilhali hewa imefika, hivyo mto ndio wenye joto hapo. Wengine hupaka pete mafuta ya mgando kabla ya kuanza, na barafu hukawia kushika. Rili yenyewe isichovywe kamwe, wala kulazwa kwenye theluji.

Pamoja na tabu zote hizi, wengi hawaiachi, na nadhani wana haki. Rili ya kawaida ina kiringi kidogo cha kuongozea uzi na vibao vya breki, na vyote hivyo vinaweza kuganda usivione. Sentapini ikigoma, sababu yake unaiona kwa macho na unaimaliza palepale.

Mikono nayo haina budi kulindwa. Baridi hubana mishipa ya damu, vidole vinakufa ganzi, na kidole chenye ganzi hukandamiza ukingo bila mwenyewe kujua. Glavu za sufu zilizokatwa ncha zinafaa kwa sababu sufu huhifadhi joto hata ikilowa, na ngozi ya kidole inabaki ikigusa chuma. Samaki akikimbia, toa mkono kwenye vipini vya gurudumu mara moja. Vinazunguka kwa kasi, na kipigo chake kwenye vidole vya baridi kinauma vibaya. Msimamishe kwa kiganja, kidogokidogo, ukingoni.

Jioni usiifungie rili kwenye mkoba. Chuma kilichopoa kikiingia nyumba yenye joto hukusanya umande, nje na ndani ya beringi. Toa gurudumu, weka sehemu mbili mbalimbali juu ya taulo hadi asubuhi, kisha tia lile tone moja la mafuta.